Kiti cha Kushoto

"Akikunyooshea mkono, usiupokee."

Scolastika aliyasema hayo kwa mara nyingine, na safari hii alimshika Marcelino ukosi wa ovaroli ili asipate pa kuangalia isipokuwa usoni kwake. Walikuwa nyuma ya gereji, Nyahanga, mjini Kahama, kati ya ukuta wa matofali na gari dogo jekundu lililopandishwa juu ya magogo. Jua la asubuhi lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati.

"Nimesikia, Skola."

"Umesikia nini? Rudia."

Marcelino alitabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja lililomkosesha Skola usingizi tangu siku ya kwanza. "Mama akiingia, nasogea mbali. Nachuchumaa, naangalia chini. Namwamkia kutoka hukohuko. Akinyoosha mkono, siupokei."

"Na wakikuuliza kwa nini?"

"Nawaambia mimi ni mkwe wake."

"Hapo hapo," alisema Skola. "Hayo ndiyo maneno, mpenzi wangu. Usiongeze wala usipunguze."

Alimwachia ukosi, akaukung'uta kana kwamba ulikuwa na vumbi, ilhali ulijaa oili. Leo mama yake alikuwa anakuja kutoka kijijini, yeye na shangazi Dorika, kumshukuru Marcelino, mtu aliyemwokoa roho. Kwa namna Marcelino atakavyompokea, ndivyo itakavyojulikana kama Skola ataolewa naye au ndoa hiyo amuachie Mungu. Kuna watu wanaomba mama zao wawapende wachumba zao. Skola, maskini, aliomba mama yake apunguze.

Kisa kizima kilianzia kwenye gari. Lilikuwa Mazda ya Kijapani, fupi, ya milango miwili, yenye turubai badala ya paa na viti viwili basi, cha dereva kulia na cha mwenzake kushoto. Mhandisi mmoja wa mgodini kule Geita alilileta kwa mbwembwe, akahamishwa, akaliacha uani kwa mwenye nyumba wake mpaka kuku wakataga ndani yake. Marcelino, kijana wa Ushirombo aliyekuwa na gereji yake Kahama, aliliona siku aliyokwenda huko kutengeneza lori la mtu, na akili ikamruka. Alilileta Nyahanga likiwa limefungwa nyuma ya lori lilelile. Mafundi wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Gari la namna ile, waliuliza, kwa barabara ipi?

Skola alikuwa muuzaji wa duka la spea jirani na hapo. Marcelino alipoingia kuulizia pampu ya maji ya hilo Mazda, Skola alipiga simu Mwanza, akapiga Dar es Salaam, halafu akamwangalia mteja wake juu mpaka chini.

"Hili ni gari la mtu na mchumba wake," alimwambia. "Wewe mchumba unaye?"

"Nitafutie pampu kwanza," Marcelino alijibu. "Mchumba nitamwona injini ikishawaka."

Injini iliwaka, na mengine yakawaka pamoja nayo.

Hakuna kilichobadilishwa kwenye lile gari bila mkono wa Skola. Yeye ndiye aliyepata rejeta kubwa ya gari jingine, Marcelino akaikata vishikizo na kuviunga upya mpaka ikakaa, maana ile ya asili ilikuwa inachemka kabla hujafika Kagongwa. Yeye ndiye aliyemulika tochi wakati spesa za chuma zinawekwa juu ya springi ili gari linyanyuke, lisisugue tumbo barabarani, na bamba nene linachomelewa chini ya sampu, bakuli la oili ya injini, kuikinga na mawe. Sponji ya kiti cha kushoto ilikuwa imeliwa na panya. Skola alikijaza kiti hicho pamba ya shamba la mama yake, akakishonea kitambaa kipya, akakikalia yeye wa kwanza. Jioni walizotoka kazini walikuwa wakifungua turubai na kwenda tu, bila safari, upepo unawapiga usoni, mkono wa Marcelino kwenye gia na wa Skola juu ya mkono wake.

Kijijini kwao Skola, upande wa Tinde, watu waliliita Kigoda, kwa sababu aliyeketi ndani yake ni kama amekaa kwenye kigoda, magoti juu. Watoto walilipenda kwa taa zake zinazofumba na kufumbua. Aliyelichukia ni shangazi Dorika, dada wa marehemu baba yake Skola, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ile nyumba.

"Mwanaume anayenunua gari la watu wawili," alisema siku ya posa, "ameshatuambia ukweni tusipande."

Marcelino alikuwa tayari kuliuza palepale anunue Probox la kubebea watu na magunia. Skola ndiye aliyekataa. "Ukiliuza, uniuze na mimi," alisema, na kwa kuwa mapenzi yalikuwa yamemkolea, Marcelino akanyamaza. Posa ilikubaliwa hivyo hivyo, wakabaki kusubiri ng'ombe wa mahari.

Halafu ikaja siku ya nyoka.

Marcelino alikuwa amemrudisha Skola kijijini baada ya misa, akasimamisha gari mbali, kwenye ua wa minyaa, asije akakutana na mama mkwe. Kwa Wasukuma mambo hayo hayana mzaha. Mkwe wa kiume hamshiki mkono mama mkwe wake, hali naye, hakai naye karibu, na wakikutana njiani mmoja hukata kona apite porini. Ndiyo heshima ya bukwi, yaani ukwe, na mama yake Skola, ambaye kila mtu alimwita Mama Luka kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliishika heshima hiyo kuliko alivyoishika rozari yake.

Moma alimgonga mama huyo shambani, juu ya kifundo cha mguu. Walipomfikisha uani mguu ulikuwa umeshavimba na jasho linamtiririka. Ilikuwa siku ya mnada. Bodaboda wote walikuwa huko, na Noah pekee ya kijiji ilikuwa hukohuko na wafanyabiashara wa ng'ombe. Kilichobaki ni Kigoda, pale kwenye minyaa, na nafasi yake moja.

"Mama, twende," Skola alilia. "Marcelino atakupeleka hospitali."

"Nikae wapi?"

"Pale, mama. Kushoto."

Mama Luka alilitazama gari. Aliona viti vilivyobanana na kijiti cha gia kati ya magoti ya watu. "Yaya," alisema kwa Kisukuma, yaani hapana, akageuza uso. "Goti langu liguse goti la mkwe wangu? Niacheni hapa hapa kwenye mkeka."

"Mama, utakufa!"

"Nitakufa na adabu zangu."

Shangazi Dorika ndiye aliyepata njia. "Mahari haijaingia zizini," alisema. "Kijana bado anaweza kujitoa. Aseme mbele yetu kwamba yeye si mkwe. Akishasema, ni mtu tu, na mtu yeyote anaruhusiwa kubeba mgonjwa."

Majirani wakaitikia kwamba ni kweli. Marcelino alibaki kwenye minyaa, akamtafuta Skola kwa macho. Alikuwa anamuuliza yeye. Na Skola hakufikiri hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna mpaka sasa. Aliutazama mguu wa mama yake, akapiga kelele: "Sema, Marcelino! Ni maneno tu!"

Akasema. "Simuoi Scolastika. Mimi si mkwe wa nyumba hii." Kisha akaingia uani kwa hatua kubwa, akambeba Mama Luka kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia, akamweka kwenye kiti cha kushoto, akamfunga mkanda. Matope ya mbugani yaliiunguza klachi ikawa inanuka njia nzima, lakini Kigoda kilifika. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine.

Mama Luka alipona. Yale maneno ndiyo hayakupona. Skola alimwendea padri kwa siri, akamweleza yote, na padri akamwambia kanisa halina pingamizi lolote. Alitoka pale na furaha tele, mpaka alipokumbuka kwamba si kanisa lililokuwa uani siku ile.

*

Bajaji ilisimama mbele ya gereji.

Mama Luka alishuka akiegemea fimbo, mguu mmoja anaukokota, bandeji nyeupe ikichungulia chini ya gauni lake la Jumapili. Shangazi Dorika alimfuata na jogoo kwapani. Skola aliwaamkia wote wawili, akawavutia benchi kivulini, lakini mama yake hakuketi. Alikuwa anamtafuta mtu.

Marcelino alifanya walivyopanga. Alirudi nyuma hadi ukutani, akachuchumaa, macho chini.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka kule.

Mama Luka hakuitikia. Fundi wa gereji ya pili, aliyekuwa anachomelea geti, alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Unaniamkia ukiwa wapi?" mama aliuliza.

"Hapa, mama."

"Hapo ni mbali. Siku ile hukuwa mbali."

"Mama, kaa kwanza nikuletee maji," Skola aliingilia.

"Sikuja Kahama kunywa maji."

Alitembea na fimbo yake, akalizunguka gari, akasimama mbele ya Marcelino. Skola aliona mkono wa mama yake ukiinuka, mkono uleule uliomfundisha kupanda mbegu, na alitamani ardhi ipasuke. Mkono ulinyooka mbele ya uso wa kijana ukabaki hapo.

"Mikono yangu ina oili, mama," Marcelino alisema bila kuinua kichwa.

"Siku ile ilikuwa safi?"

Marcelino alivificha viganja kwapani.

"Ng'wanone," alisema Mama Luka, na sauti yake ikalegea. "Mwanangu. Unajua wanawake wa kisimani wananiitaje? Wananiita mke wa mkwe wake. Nikifika wananyamaza, nikiondoka nasikia kicheko. Wanasema nilikwenda mjini nimekaa mapajani kwa mkwe. Mimi nina jibu moja tu, nawaambia aliyenibeba ni mwanangu. Nani anaona aibu kubebwa na mtoto wake? Luka alikwenda machimboni Geita, hata simu hapigi, na Mungu akaniletea mwingine. Ndivyo ninavyowajibu. Sasa leo nirudi niwaambie hukunipa mkono? Basi wao ndio waliosema kweli, na mimi ni mwanamke niliyejiachia kwa mkwe wangu mchana kweupe. Kama ni hivyo, heri mngeniacha na yule nyoka."

"Mama!" Skola alipiga hatua mbele. "Mama, usimfanyie hivyo! Shangazi, si kuna mbuzi? Mtu akivunja mwiko wa ukwe si huwa anatoa mbuzi yanaisha? Tutatoa mbuzi. Tutatoa ng'ombe!"

Shangazi Dorika alimweka jogoo chini, akatikisa kichwa. "Mbuzi ni wa aliyeteleza, Skola. Amekutana na mkwe wake mlangoni, amemkanyaga bila kujua, huyo anatoa mbuzi yanaisha. Mwenzako alisema kwanza, watu tukasikia, ndipo akabeba. Hakuteleza huyo. Na mama yako hakuteleza."

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme!"

"Tulikusikia, mwanangu. Wote tulikusikia."

Aliyasema bila chuki, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomuumiza Skola zaidi. Angekuwa amekuja na ubaya wake wa siku zote, angalau angepata mtu wa kumchukia.

Mkono wa Mama Luka ulikuwa bado hewani. Ulianza kutetemeka, kwa maana nguvu zilikuwa hazijamrudia, lakini hakuushusha. Marcelino aliinua uso. Hakuutazama mkono, alimtazama Skola, na katika macho yale Skola aliona swali lilelile la siku ile kwenye minyaa. Safari hii alijibu vizuri. Alitikisa kichwa, polepole, ili asikosee kumwelewa. Usiupokee. Nakuomba. Usiupokee.

Marcelino alifiwa na mama yake kabla hajajua kuongea. Alilelewa na kaka zake, mara Bukombe, mara machimboni, akilala penye nafasi. Skola alilijua hilo tangu zamani na siku zote alilihurumia. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja litakuja kumnyang'anya mchumba.

Marcelino alisimama. Alifuta kiganja kwenye ovaroli, akakifuta tena, akaupokea ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, mama," alisema kwa karibu.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Wabeja sana, asante sana." Na mama wa watu akaanza kulia, si kwa uchungu, kwa furaha ya kushushiwa mzigo, huku akimpigapiga Marcelino begani kama mtu anayehakikisha kitu ni chake. Shangazi Dorika naye akajipangusa macho kwa ncha ya khanga.

Skola peke yake hakulia. Aligeuka akaanza kupanga spana zilizokuwa zimetupwa juu ya boneti, ndogo kwa kubwa, kubwa kwa ndogo, akazivuruga, akazipanga tena.

*

Mama Luka alitakiwa hospitali kubadilishwa bandeji. Mwanawe, alisema, ndiye atakayempeleka, na kwa gari lilelile, watu waone. Kigoda kilikuwa kimefungwa klachi mpya, ila mafuta yake yalikuwa na upepo, na upepo ule hautolewi na mtu mmoja. Lazima mmoja akae ndani akanyage pedali, na mwingine alale chini ya gari afungue na kufunga nati. Kazi hiyo siku zote waliifanya wao wawili.

Skola aliingia kwenye kiti cha dereva. Marcelino alijiviringisha chini ya gari. Kule kivulini wazee wawili walikuwa wakinywa soda na kucheka kitu, sauti zao zinafika kwa mbali.

"Kanyaga," ilisema sauti kutoka chini.

Alikanyaga.

"Shikilia hapo. Haya, achia."

Aliachia. Pedali ilirudi imelegea, haina uhai.

"Kwa nini, Marcelino?"

"Kanyaga."

"Nimekuuliza."

"Uliuona mkono wake ulivyotetemeka?"

"Niliuona. Ni wa mama yangu."

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungesema una oili."

"Nilisema, Skola."

Alikanyaga kwa hasira mpaka mwisho. "Polepole," Marcelino alimwambia, "utairudishia upepo." Kila kitu alikisema kwa sauti ileile ya kazini, na Skola alijua kabisa sauti hiyo ameishika kwa meno.

"Tuondoke," Skola alinong'ona akiinamia usukani. "Twende Geita. Leo. Kule machimboni nani anamjua nani? Watu wanaishi pamoja, wanazaa, hakuna anayewauliza habari za ng'ombe. Wewe utafungua gereji, mimi nitauza duka."

"Na yeye?"

"Atazoea."

"Kisimani atazoea?"

Skola alimwona akilini mama yake na ndoo, peke yake, wanawake wakimpisha njia kwa heshima ya kejeli.

"Achia," alisema Marcelino.

Aliachia. "Unampenda mama yangu kuliko mimi."

Kule chini spana ilisimama. Sauti iliyokuja safari hii haikuwa ya kazini.

"Usiniambie hivyo. Chochote kingine niambie, hilo usiniambie. Mimi sijawahi kumwita mtu mama akaniitikia mwanangu. Nimesikia leo. Na sijawahi kumpenda mwanamke mwingine, wala sijui huwa wanaanzaje. Ungeniuliza jana, ningekuapia sitaupokea. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Halafu nikauona unatetemeka."

"Ningekuacha uliuze hili gari," Skola alisema, machozi sasa yakishuka bila kizuizi. "Ungekuwa na Probox. Mama angelala nyuma, mimi nimempakata, wewe mbele huko na usukani wako. Hakuna goti lingegusa goti. Usingetamka neno. Mimi na kiburi changu cha viti viwili."

"Tulilipenda wote, Skola."

"Siku ile ungekataa. Ungeniambia nyamaza, sisemi."

"Angekufa, ungenisamehe?"

Hilo ndilo lililokuwa baya kupita yote, kwamba hapakuwa na mahali alipoweza kurudi na kufanya vingine. Mama yake alikuwa hai. Alikuwa kule kivulini na soda, anacheka, na kila kicheko kilikuwa kimelipiwa.

"Kanyaga," alisema Marcelino kwa upole.

Alikanyaga. Pedali ilikuwa ngumu. Ilimsukuma unyayo vizuri, kama inavyotakiwa, upepo wote umetoka.

"Imeshika?"

"Bado," Skola alidanganya. "Bado laini."

Kilichokuwa kinatoka kwenye ile nati ni mafuta matupu, hata tone la povu hamna, na Marcelino alikuwa anayaona kwa macho yake. Fundi gani asiyejua? Alifunga nati, akapumua.

"Basi kanyaga tena," alisema.

Akakanyaga tena. Na tena. "Shikilia." "Nimeshikilia." "Achia." "Nimeachia." Waliendelea hivyo, hawaonani, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyohema, wakiifanya kazi iliyokwisha, mpaka shangazi Dorika alipoita kutoka kivulini kuuliza kama hilo gari litapona leo au wachukue bajaji.

"Limepona, shangazi," Marcelino aliitikia.

Alitoka chini ya gari. Uso ulikuwa na mafuta, macho mekundu. Alisimama pembeni ya mlango na Skola akashuka, wakapishana kwa karibu kiasi kwamba alisikia harufu yake, sabuni na oili. Miezi yote ile, mahali hapo, mkono wake ungekuwa umeshamfuta machozi. Sasa mkono uliinuka hadi nusu, ukapotelea mfukoni.

Matairi yalifungwa, magogo yakaondolewa, Kigoda kikashushwa chini. Mama Luka alisaidiwa kuingia, akajiinamisha, akakaa kwenye kiti cha kushoto, fimbo kati ya magoti. Alikuwa amechangamka kama bibi harusi. Fundi wa gereji ya pili alimpungia mkono, naye akampungia.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mnamwona? Mwanangu huyu." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe Skola utakuja na nini, mama?"

"Nitakuja na shangazi kwa bajaji."

"Usichelewe. Tukimaliza twende wote nyumbani tukamchagulie ndugu yako ndama. Mtoto wa nyumba hawezi kukosa ng'ombe wake zizini."

"Sawa, mama."

Marcelino aliwasha injini. Ilishika mara moja, ikatulia. Alitia gia, akangoja, mikono kwenye usukani, akitazama mbele. Mlango wa upande wa mama ulikuwa bado wazi, na Mama Luka na mguu wake ule hakuweza kuinama kuuvuta. Shangazi Dorika alikuwa anaangalia. Fundi wa pili alikuwa anaangalia. Marcelino aligeuza shingo, na kwa mara ya mwisho akamtazama Skola kama mwanaume anavyomtazama mwanamke wake.

"Dada," alisema. "Mfungie mama mlango."

Skola alijishikiza kwenye turubai. Aliinama akaukusanya upindo wa khanga ya mama yake uliokuwa unaning'inia nje, akauingiza ndani usije ukabanwa, akausukuma mlango mpaka ukalia.

"Endesha polepole, kaka," alisema. "Klachi bado mpya."